Komeo Lilikuwa Upande wa Ndani

Nimeipata habari nikiwa nachagua mchicha. Muuza mboga wangu wa hapa Kipawa, mtu ambaye habari za mtaa humfikia kabla hazijamfikia mjumbe, alikuwa akinifungia nyanya huku macho yake yako barabarani. "Yule mama wa dei kea ya kule Kiwalani, uliyemwandika gazetini, katangulia," alisema. "Wamemzika jana alasiri. Presha." Hakuniambia kwa ubaya, nadhani hata hakuona kwamba amesema kitu kizito, ila lile "uliyemwandika" nimerudi nalo nyumbani na sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo. Wasomaji wangu wa siku nyingi mtakuwa mnaikumbuka makala ile, maana ndiyo iliyoniletea ujumbe mwingi kuliko zote, na wengi wenu mlinipongeza. Naomba leo mnisome kwa makini kuliko siku ile, kwa sababu siku ile nilikosea, na mtu niliyemkosea hayupo tena kuyasoma masahihisho.

Kwa wasiokumbuka, ilikuwa hivi. Binti yangu alikuwa na miaka minne. Mie na baba yake wote tunatoka asubuhi, kwa hiyo nikampeleka kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akilea watoto uani kwake, kumi na wawili pamoja na wangu, kwenye mikeka chini ya turubai. Alikuwa mtu wa Lindi, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia ya kukusikiliza mpaka umalize kabisa ndipo naye aanze, jambo lililokuwa likinikera, kwa sababu mie nikiongea napenda mtu anikatize tugombane yaishe. Mwezi wa pili akanivuta pembeni. "Mwanangu," alisema, "huyu mtoto nikimwita jina hageuki. Lakini ndege haijatokea, sie wote hatujasikia kitu, yeye keshaziba masikio. Si kwamba hasikii. Anasikia kupita kiasi. Mpeleke hospitali wamtazame." Nilimjibu kwa sauti kubwa, mbele ya watu. "Bi mkubwa, mwanangu si kiziwi wala si taahira. Kazi yako ni kumnywesha uji na kumbadilisha nguo. Ya hospitali niachie mie niliyemzaa." Akasema, "Haya, mama," akaenda kumpangusa mtoto mwingine kamasi.

Asiyekaa huku kwetu aelewe jambo moja. Sie tuliokulia chini ya njia ya ndege hatuzisikii. Ndege ikipita juu ya bati tunanyamaza katikati ya maneno, tunasubiri, tunaendelea palepale tulipoachia, na ukituuliza ni nini kilichopita tutakuuliza, kipi? Mgeni anashtuka, tunamcheka. Yule mama alihamia Kiwalani ukubwani na masikio yake hayakuwahi kuzoea. Nadhani ndiyo maana alimwelewa mwanangu kabla yangu. Wote wawili walikuwa wageni wa kelele zetu.

Siku yenyewe nilitoka kazini mapema, nikapita kumchukua mtoto saa saba mchana. Wenzake walikuwa mkekani wanakula wali na maharage, wa kwangu hayupo. Nikauliza, na mmoja wao akanyoosha kijiko kuelekea stoo. Nikasukuma mlango, haufunguki.

"Umemfungia mwanangu?"

"Taratibu, mama. Ndege ikishapita atafungua mwenyewe."

"Atafungua mwenyewe! Mtoto wa miaka minne! Unanifanya mie mjinga?"

"Subiri kidogo tu. Usigonge, maana kugonga ndiko..."

Sikumwacha amalize. Niliupiga mlango bega mara mbili, ukaachia. Ndani, juu ya gunia la sembe, mwanangu alikuwa amekaa kwenye giza na viganja masikioni, na aliponiona alipiga yowe lililowaleta majirani wote. Nililichukua yowe lile kuwa ushahidi, na wao wakalichukua hivyohivyo. "Kumbe ndo kazi yenyewe hiyo," alisema mama mmoja. "Ndo maana wa kwangu anaogopaga giza." Mwingine akasema mtu wa kusini usimwamini na mtoto, na mie, Mungu anisamehe, sikumkanya. Yule mama alisimama na sufuria la maharage mkononi akitutazama. Nikaenda nyumbani, nikaandika.

Niliandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Sikutaja jina, lakini nilitaja mtaa, nikataja rangi ya turubai, nikaitaja na lafudhi. Stoo nikaiita jela. Nikamalizia kwa methali, uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hakukuwa na haja ya mtu wa serikali kuja kumfungia dei kea, kwa sababu wiki ilipoisha uani kwake hapakuwa na mtoto hata mmoja.

Mwaka uliofuata ulinifunza adabu. Shule mbili za awali zilinirudishia mtoto kwa maneno ya heshima. Mama mkwe akasema ukoo wetu una jambo la kutambikia, jirani mlokole akasema ni pepo, shoga yangu akasema ni kwa vile namwachia simu. Baba yake akaanza kuchelewa kurudi. Mwishowe nikaenda kule nilikoambiwa niende tangu mwanzo, na daktari msichana, mdogo kuliko mie, akaniambia ni usonji. Akanieleza kwa utulivu kwamba si laana, hauambukizi, na hautokani na malezi yangu. Ndivyo ubongo wa mtoto wangu ulivyo, na sauti ambayo kwangu si kitu kwake ni kipigo. Kisha akauliza, "Kuna mahali popote anapotuliaga mwenyewe?" Nikamwambia hakuna. Nilikuwa nimeshafika getini, nimemshika mtoto mkono, ndipo nikaikumbuka ile stoo. Nilikaa kwenye ukingo wa mfereji pale nje nikalia mbele ya bodaboda.

Tulikutana naye mara moja tu baada ya hapo, Buguruni sokoni. Alikuwa amekaa nyuma ya ungo wa dagaa. Binti yangu, ambaye hamtazami mtu na hataki kuguswa hata na bibi yake, aliniponyoka, akaenda akaichukua mikono ya yule mama, yote miwili, akajizibia nayo masikio. Yule mama akaiacha palepale. Wateja wakasubiri. Mmoja akauliza, "Bibi, unauza au huuzi?" akajibiwa, "Nina mgeni." Mie nilikuwa nimesimama na samahani yangu mdomoni, nimeifanyia mazoezi miezi. Nikasema, "Shikamoo." Akasema, "Marahaba. Kakua. Mpitishe huku nyuma kwenye viazi, huko mbele kuna spika." Nikanunua dagaa ambazo sikuzihitaji, nikaondoka. Nilijiambia wiki ijayo nitakuja peke yangu nizungumze kama mtu. Ikawa nikifika Buguruni napitia upande mwingine. Nimepita upande mwingine kwa zaidi ya mwaka mzima.

Basi nikaenda kukaa matanga, kwa aibu yangu yote. Binti yake mkubwa, ambaye hatukuwahi kuonana, alitutuma mie na mwanamke mwingine tukatoe mikeka stoo. Mlango ni uleule. Komeo langu nililolivunja bado linaning'inia kwa msumari mmoja, upande wa ndani, chini kabisa, usawa wa kiuno cha mtoto wa miaka minne. Kwa nje hakuna kitu, hakuna komeo wala kitasa wala hata tundu la msumari. Niliupiga bega mlango ule na sikujiuliza ulikuwa umefungwa na nani.

Binti yake alinikuta nimeinama pale. "Wewe ndiye yule wa gazetini?"

"Ndiye."

"Fundi alimwambia komeo huwekwa juu, watu wazima walifikie. Akakataa. Akasema, halinihusu mie, la mtoto hilo. Akamfundisha wiki nzima kulifunga na kulifungua. Na alikuwa akikusoma kila wiki. Mie nikimwambia, mama, unasoma nini maneno ya yule mwanamke, anasema, anajua kuandika, ila haulizi. Haya, lete mikeka, watu hawana pa kukaa."

Sijapata kusemwa kwa haki namna hiyo. Hasira ya mama mwenye mtoto ni kitu kikubwa, na mie nimeishi kwa hasira hiyo, imenilipa mshahara. Lakini haithibitishi kitu. Wiki iliyopita dukani mwanamke mmoja alimwona binti yangu amejilaza sakafuni akaniambia, "Mtandike huyo, unamdekeza." Alikuwa na hakika kabisa, kama nilivyokuwa na hakika mie. Nilitaka kumrarua, nikakumbuka nilivyolirarua komeo. Na ile methali naomba niirudishe nilipoitoa, maana uchungu wa mwanangu aliujua mtu ambaye hakumzaa, tuliyemwona ni wa kunywesha uji. Watoto kama wangu wanaonwa kwanza na wanawake hao, wa uani, dada wa kazi, mabibi wanaoshinda nao, na sie wenye kusoma kidogo tunawaziba midomo kwa sababu hawana cheti cha kutuambia.

Nimemwomba mhariri ukurasa uleule na urefu uleule, amenipa. Hakumfungia mwanangu. Hakumfungia mtoto wa mtu yeyote. Aligundua kinachomuumiza mtoto ambaye hana maneno ya kusema, akamtengenezea mlango anaoumiliki mwenyewe, na mie nikamwita mkatili mbele ya nchi. Mkimkuta mtoto katika hali msiyoielewa, muulizeni aliye naye, mmwache amalize kujibu. Na nyie wazazi kumi na mmoja mliowatoa wenu kwa ajili ya kelele zangu, najua mnasoma. Watoto wenu wanakua wakiamini waliwahi kulelewa na mtu mbaya. Wangu alijua ukweli tangu siku ile na hawezi kuwaambia. Waambieni nyie, leo.