Herufi Moja kwenye Saraka ya Zahanati

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai nilipewa kiti kibovu, kompyuta mbili na onyo. Onyo lilitoka kwa Meneja wa Upimaji, mzee wa Kihindi tuliyemwita Sir. "Hapa usiniambie programu inafanya kazi. Niambie umeijaribu vipi." Nilikuwa na miaka hamsini na ushei, nimetoka Tanga, na nilimpenda papo hapo.

Tulikuwa tukihamisha kazi za wateja kutoka seva kuukuu kwenda mpya. Mimi nilikabidhiwa ruhusa: nani asome faili, nani aandike. Amri ya kubadili ruhusa huitwa chmod. Saraka, yaani folda, huweza kuwa na alama ya ziada inayoonekana kama herufi s. Ikiwepo, kila faili jipya ndani yake huwa la kundi la saraka, hata kama aliyeliandika ni wa kundi jingine.

Mteja mmoja alikuwa zahanati huko Deira. Zamani daktari alitumia saraka moja na watu wa mapokezi. Sasa barua zake zilitakiwa zisomwe na madaktari tu. Fundi akaandika chmod 0750, kwa mazoea ya seva ya zamani, ambako tarakimu hizo zilifuta ile s. Nikajaribu kwenye seva mpya: s ipo palepale. Nikaunda faili kwa jina la daktari, likawa la kundi la saraka, lile la zamani lenye watu wa mapokezi, kisha nikaingia kama karani wao. Likafunguka, nikalisoma lote.

"Mama Mwanaidi, hiyo test yako ndiyo iko na shida," alisema Otieno, Mkenya wa meza ya jirani. "Hiyo zero ya mbele inafuta kila kitu."

"Njoo uone."

Akaja, akaona, akajikuna kichwa.

Mkuu wa Mradi akaleta karatasi ya kutia saini. "Yalla, Mwanaidi, mteja anangoja. Ni herufi moja tu!"

Zahanati ile niliijua. Bi Zuwena, Mzanzibari niliyepanga chumba kwake Al Baraha, alitibiwa pale maradhi aliyowaficha wanawe, na karani wa mapokezi alikuwa mkwewe. Sikuweza kulisema hilo mbele za watu.

"Sitii saini," nikasema. Viza yangu ilikuwa ya kampuni; wakinifukuza, ningerudi Tanga.

Sir akavuta kiti. "Nionyeshe tena, polepole."

Tulirudia mara tatu. Kisha akafungua mwongozo, akasoma kwa sauti: kwenye saraka, chmod ya seva hii haiondoi alama hiyo kwa tarakimu za kawaida, sharti uitaje. Tukaandika g-s, kundi livuliwe s. Safari hii karani akakataliwa.

"Khalas," Sir akamwambia Mkuu wa Mradi. "Lawama ya kuchelewa ni yangu." Akampigia mteja mwenyewe, akakaripiwa hadi sisi tukasikia.

Bi Zuwena aliwaambia wanawe miezi kadhaa baadaye, Ijumaa, baada ya kuwapikia biriani. Siku aliichagua mwenyewe.

Sasa nimestaafu, na vijana huniuliza wajifunze amri zipi. Nawaambia zitabadilika zote. Kipimo changu kilisema kweli tangu jaribio la kwanza, na kisingemsaidia mtu kama mzee mmoja asingevuta kiti akaketi kutazama.