Misumari Niliyoichora Ukutani

Harufu ya moshi wa kiwanda, ile iliyokuwa ikitukereketa koo mtaani kwetu Kikula, ilianza kupotea mjini Likasi miaka ile ya tisini, na wakubwa wakaisikitikia kama marehemu, kwa sababu kiwanda kilikuwa kinazimika pamoja na mishahara yao. Mimi nilibaki na harufu ya makaa. Ugonjwa wa damu niliozaliwa nao ulinilaza mkekani wiki nzima, magoti na viwiko vikiwaka, wala hakuna aliyenielewa niliposema inauma, maana hata jino huuma. Basi nilichukua kipande cha kaa, nikachora ukutani karibu na kichwa changu mtu aliyepigiliwa misumari kila kiungo. Nilimchora mdogo kwa kuwa mkono haukufika mbali. Nilipomaliza nilipata nafuu kidogo, sijui kwa nini.

Udogo ule ndio ulioniponza. Haukupita muda, mdogo wangu Ilunga, aliyekuwa bado ananyonya, akashikwa na homa kali. Shangazi, dada ya baba, ambaye hakukosa chumba cha maombi hata mara moja, aliingia kunijulia hali, akauona ukuta, akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Ni Ilunga uyu," akamwambia mama. "Mutoto wako iko anamukula."

Siku zile za njaa kila nyumba ilimtafuta mchawi aliyeifungia bahati, na sisi watoto wagonjwa tulikuwa karibu kuliko wote. Shangazi alitaka nipelekwe kwenye maombi, nifunge bila chakula wala maji mpaka nikiri. Kiu wakati wa maumivu nilikuwa nimeshaionja. Nilijua nikienda sitarudi. Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba nilianza kumwamini. Nilimsikiliza Ilunga akihema chumba cha pili, nikaikalia mikono yangu isije ikamdhuru tena.

Mama aliokota kipande changu cha kaa. Alinibeba, akanilaza chali kwenye saruji ya sebuleni, akapitisha kaa pembezoni mwa mwili wangu, kichwa hadi nyayo, kama fundi cherehani anayepima kitambaa.

"Sasa weka misumari fasi inauma," akasema. "Tantine wako aone."

Niliiweka: magotini, viwikoni, kiunoni. Shangazi akaenda kuutazama ukuta, akarudi kutazama sakafu. Misumari ilikuwa mahali pale pale, na mwili ulikuwa wangu. Hakuomba msamaha. Alisema tu kwamba shetani ana akili nyingi, kisha akaenda kuomba peke yake. Ilunga alipona kwa vidonge vya malaria.

Leo ugonjwa wangu una jina na dawa zake, na watu huja kwenye chumba changu cha kazi Lubumbashi kuzisifu rangi za picha zangu. Ilunga naye ni mtu mzima mwenye ndevu. Kila tukikutana huniomba nimchore, apate picha ya kutundika sebuleni kwake. Namwambia nina kazi nyingi. Ukweli ni kwamba nikishika brashi mbele ya uso wake, namsikia akihema.