Miguu ya Pitchaimani

Pitchaimani aliingia kwenye siasa kwa sababu ya rangi mbichi. Wakati huo alikuwa mchoraji wa mabango ya sinema pale Virudhunagar, kusini mwa India, na nyota aliyemlisha ni Sudarvendan, aliyekuwa akicheza watu wa chini tu: mwendesha riksho, muuza maziwa, kondakta wa basi, mchimba visima. Katika kila filamu alipigwa mpaka wakati wa mapumziko, na baada ya mapumziko akapiga yeye. Filamu yake ya thelathini na tatu ilipofika mjini, Pitchaimani alimchora kwenye ubao wa futi arobaini, na mashavu akayamalizia alfajiri kwa rangi ya maji, maana rangi ya mafuta isingewahi kukauka.

Asubuhi mashabiki wakaja na ndoo za maziwa kuiogesha picha ya Kiongozi, ndivyo walivyomwita nyota wao, kama ilivyo ada siku filamu mpya inapoanza. Ndoo ya tatu pua ikaanza kushuka. Ndoo ya tano nyota hakuwa na mdomo. Watu walimgeukia mchoraji, na mmoja alikuwa tayari amekunja shuka yake juu ya magoti, tayari kwa kupigana. Pitchaimani akapanda jukwaani akawaambia, kwa sauti nzito ya kuazima, kwamba Kiongozi analia kwa kuona mapenzi yao. Wakalia na wao. Jioni walimchagua mwenyekiti wa tawi namba kumi na saba la mashabiki.

"Hapo ndipo alipoharibika," mkewe Maragatham huwaambia watu, tena mwenyewe akiwa palepale anasikia.

Miaka tisa baadaye Sudarvendan alipata kitambi, filamu zikaanza kumkimbia, naye akagundua kwamba nchi inamhitaji. Matawi ya mashabiki yakabadilishwa vibao usiku mmoja yakawa matawi ya chama. Kwenye uwanja wa Madurai, siku ya kuzindua, Pitchaimani alisogea mbele ya jukwaa, akavua kandambili zake, akaapa mbele ya umma kwamba hatavaa kitu mguuni mpaka Sudarvendan awe Waziri Kiongozi wa jimbo. Umati ukapiga miluzi. Kutoka juu kule Sudarvendan akajiwekea mkono kifuani. Pitchaimani alipogeuka kuziokota kandambili, zilikuwa zimeshaibwa.

"Ziko wapi?" Maragatham alimuuliza mlangoni.

"Nimezitoa kwa ajili ya nchi."

"Nilikununulia Diwali hii, Baba Kayal. Nchi ingengoja zichakae."

Alimwita Baba Kayal kwa jina la binti yao, kwa sababu mwanamke wa huko hatamki jina la mumewe. Hata karani wa sensa akiuliza, anaitwa jirani alitaje. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa jina la Pitchaimani halikuwahi kupita kwenye midomo ya Maragatham, ingawa mengine yalipita.

Uchaguzi wa kwanza chama kilipata viti vitatu kati ya mia mbili thelathini na nne. Pitchaimani alisema huo ni mwanzo. Lami iliyochemka kwa joto la mwezi wa tano ilimchubua nyayo, akasema ni mazoezi. Alipanda ngazi za kuchorea peku, akaenda harusini peku, akaenda mazishini peku, na huko angalau hakuna aliyemshangaa. Mwaka wa sita kisukari kikamkuta. Kidonda kikatoka chini ya kidole kidogo cha mguu wa kushoto, nacho hakikuwa na nia ya kufunga.

Daktari Jebamalar hakuzunguka. "Mzee, vaa viatu. Usipovaa, kidole kitaondoka. Kisha kitafuatwa na mguu."

"Daktari, nimeweka nadhiri."

"Kwa mungu gani?"

Alipoambiwa kwa mungu gani, daktari alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Irulappan wa kibanda cha chai alimshauri avae soksi, kwa kuwa nadhiri haikutaja soksi. Pitchaimani alikasirika, akaenda kunywa chai kwingine kwa siku nne. Lakini Maragatham alikuwa na hesabu yake. Aliyewekewa nadhiri akisema inatosha, nadhiri imekwisha. Hata makuhani wanalikubali hilo. Kwa hiyo Sudarvendan alipopita mjini kwa kampeni ya pili, alimkokota mumewe mpaka kwenye gari, akasukumana na walinzi, akalishika dirisha.

"Kaka," alisema, "mwambie huyu mtu avae kandambili. Neno moja tu. Mguu wake unaoza."

Sudarvendan aliteremka. Alitazama kile kidonda, na macho yake yakajaa machozi, maana machozi hayakuwahi kumpiga chenga. Akawaita wapiga picha. Akapiga goti moja, akaishika miguu ya Pitchaimani mbele ya kamera, kisha akapanda juu ya gari akachukua kipaza sauti.

"Nikiwa na miguu kama hii nyuma yangu," alinguruma, "nani atanizuia kutembea?"

Umati ulipiga kelele dakika tano. Neno moja lililoombwa halikusemwa. Gari likaondoka.

Wiki iliyofuata chama kiliamua ile miguu ichorwe kwenye ukuta wa stendi ya mabasi, kila mmoja mrefu kama mlango. Kazi alipewa Pitchaimani, bila malipo, kwa heshima. Alijichora mwenyewe, vidole kumi kamili, na mfuo wa kila mpasuko. Baada ya hapo angevaaje kandambili? Watu wa vijijini walikuwa wakishuka basi, wanautazama ukuta, kisha wanaiangalia miguu yake walinganishe. Mimi nasema hakuna jela nzuri kuliko ile unayoipaka rangi mwenyewe huku ukisifiwa.

Uchaguzi wa pili Sudarvendan alishindwa hata katika eneo lake la uchaguzi. Wa tatu hakusubiri kushindwa: alikivunja chama chake akajiunga na wale aliowaita wezi kwa miaka kumi na moja, akapewa kiti Delhi, katika baraza la juu la bunge, ambalo mwendesha riksho hapigii kura. Kwenye televisheni alisema amefanya hivyo kwa maslahi ya watu. Pitchaimani aliitazama hotuba hiyo akiwa kwenye kitanda cha hospitali. Kidole kilikuwa kimekatwa Jumanne.

"Basi imekwisha," alisema Maragatham. "Hawezi tena kuwa Waziri Kiongozi. Hata chama hana."

"Mimi sikuapa kwa chama."

"Uliapa kwa nani, basi?"

Pitchaimani aligeuza uso kwenye televisheni. Maragatham alitoka wodini akalia peke yake karibu na bomba, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akanawa uso. Daktari alikuwa amemwambia kwamba asipovaa viatu, mguu mzima ungefuata kabla ya mwaka kuisha.

Mwaka huohuo kata yao, ya tisa, ilitengewa wanawake kwenye uchaguzi wa manispaa. Mtaro wa mbele ya nyumba yao ulikuwa umefurika tangu mvua za mwaka juzi, na Maragatham akajiandikisha, mgombea binafsi. Wagombea wasio na chama hupewa kwa bahati nasibu alama ya kuwekwa kwenye karatasi ya kura. Mmoja alipata jagi, mwingine kitanda. Maragatham alipata jozi ya kandambili.

Irulappan alicheka mpaka maziwa ya chai yakaungua. Pitchaimani hakucheka. Mchoraji wa kuta kata nzima alikuwa yeye, na mke ni mke. Akachora kandambili mia moja na kumi na mbili, nyekundu na buluu, mguu wenye vidole vinne ukichechemea juu ya ngazi.

"Mbona hizo za shuleni umeweka kamba nyembamba?" Maragatham alimkagua kila jioni. "Mtu akitembea zinakatika."

"Ni za ukutani, Mama Kayal. Nani atazitembelea?"

"Weka nene."

Alishinda kwa kura sabini na moja. Watu wakaja na mashada, wakamvika Pitchaimani, kwani huko mke akichaguliwa, diwani ni mume. Siku ya kwanza ya kupokea malalamiko alikaa barazani kwenye kiti cha katikati, mgongo wima, na wenye shida wakavua viatu vyao mlangoni wakapanga foleni mbele yake. Maragatham akatoka ndani na daftari la wapiga kura. Hakumwambia ahame. Alisimama kando ya kiti, akafungua ukurasa, akasoma kwa sauti ya kufika mtaroni.

"Pitchaimani, mwana wa Sudalaimuthu, nyumba namba kumi na nne."

Kikongwe mmoja alijifunika mdomo kwa ncha ya sari. Pitchaimani alimtazama mkewe kana kwamba ndio kwanza anamwona.

"Umelitaja jina langu," alisema polepole.

"Nimemwita mkazi wa kata yangu. Ijumaa niliapa kuwatumikia, na wewe umo, namba mia mbili na sita kwenye daftari." Akalifunga daftari. "Nililolishika tangu ndoa nimelivunja mbele za watu, Pitchaimani. Sasa vunja la kwako. Mimi sitaki miguu ya ukutani. Nataka mume anayetembea."

Akatoa chini ya daftari jozi ya kandambili, kamba nene, akaziweka sakafuni.

Pitchaimani aliinuka kitini, lakini hakuzivaa. Alizichukua mkononi, akachukua kopo la rangi nyekundu iliyobaki, kopo la rangi ya ukuta na ngazi, akaelekea stendi, na foleni nzima ikamfuata, wengi wao wakisahau viatu vyao mlangoni. Pale ukutani Maragatham alimshikia ngazi, naye akaivalisha kandambili ile miguu mikubwa, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye kidole kidogo cha kushoto alisita, kisha akakifuta kwa rangi ya ukuta.

Alishuka, akaketi kwenye kipago cha chini cha ngazi, akaingiza miguu yake ndani ya zile za kweli. Ziliibana kidogo. Diwani alikuwa bado ameishikilia ngazi kwa mikono miwili.