Mashine Moja, Wagonjwa Wawili

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha wagonjwa mahututi, kwenye hospitali ndogo ya binafsi huko Diani, Matroni alinisimamisha mbele ya mashine ya kupumulia. Miaka ya tisini ilikuwa inakaribia kwisha, nasi tulikuwa na hiyo moja tu.

"Hii haiponyi mtu," aliniambia. "Inampumzisha tu. Kazi yenyewe ni kumwachisha."

Hufanywa pole pole, kama kumwachisha mtoto ziwa. Unapunguza msukumo wa hewa, mgonjwa aanze kuvuta pumzi kwa nguvu zake. Ukipunguza mno, shingo inakakamaa, mbavu zinaingia ndani, jasho linamtoka. Akichoka mnarudi mwanzo. Ukimwachia msukumo mwingi, misuli ya kifua inazoea kubebwa, inalegea. Nyinyi wauguzi vijana mna skrini. Sisi tulimtazama mtu.

Musyoka, mpishi wa hoteli kutoka Ukambani, alikuwa kwenye mashine hiyo kwa nimonia. Daktari Mkuu alikuwa amekwisha kumpunguzia msukumo, karibu atoke, siku Omari wa Gazi alipomleta dada yake, Mwanasha. Alikuwa ameumwa na nyoka akiokota kuni, na sumu ilikuwa imelegeza misuli yake ya kupumulia. Daktari alimtia mpira wa hewa kooni, nami nikawa nampulizia kwa mfuko wa mkono.

"Daktari, tumtoe Musyoka tumpe huyu," nikasema.

Daktari akaupunguza msukumo zaidi, amjaribu. Punde mbavu za Musyoka zikaanza kudidimia, macho yakamtoka. Daktari akaurudisha.

"Hawezi bado. Nikimtoa sasa, nitakuwa nimemuua mimi."

"Na dada yangu je, daktari?" Omari akauliza, taratibu.

"Mpelekeni Mombasa, huko kuna mashine. Sista atampulizia njia nzima."

Tulikwama Likoni tukingoja feri. Nilikamua mfuko hadi vidole vikafa ganzi, Omari akanipokea. Kisha makohozi yakauziba ule mpira. Nilihangaika kuuzibua, nikashindwa. Mwanasha alikata roho kabla hatujavuka.

Omari alimfunika uso kwa leso. "Yule bwana mwingine," akaniuliza, "ataishi?"

"Inshallah."

"Basi na aishi."

Kesho yake asubuhi Musyoka akatoka kwenye mashine. Alipoomba uji, Daktari alitoka nje, akakaa huko kitambo.

Sasa nimestaafu. Daktari hakukosea; hata leo ningewafundisha vivyo hivyo. Lakini Musyoka akikutana nami Ukunda hunishika mkono na kusema, "Sista, mlinivumilia." Nami humwitikia, nikamuuliza hali ya watoto. Jina la Mwanasha sijawahi kumtajia.