Pesa ya Sukari

Kila mwanzo wa mwezi simu ya msusi ililia mara mbili, na mara zote mbili alishtuka, kitana kikamponyoka. Ujumbe wa kwanza: pesa kidogo zimeingia kwenye akaunti ya pamoja, ile aliyofungua na mumewe enzi za mapenzi motomoto. Mwishoni pameandikwa, "Ya sukari, mwanangu." Ujumbe wa pili: benki imezikata zote, ada ya salio hasi.

Mtumaji alikuwa mama mkwe wake. Na mama mkwe alikuwa kaburini.

Bibi yule alipokuwa hai aliiagiza benki yake imtumie mkamwana wake hela kila mwezi, na hakulifuta agizo hilo hata mwanawe, dereva wa lori, alipotoa talaka. "Aliyekuacha ni yeye. Mimi sijakuacha," alimwambia msusi siku moja, kichwa chake chenye mvi tupu kikiwa magotini pa huyu aliyekuwa akimsuka. Dereva naye hakuondoka mikono mitupu: alichota mpaka akaunti ikaingia kwenye deni, kisha akatokomea. Benki, isiyo na haya wala kuona vibaya, ikamganda msusi kama kupe. Akaunti ni ya wote wawili, walimjibu kila alipolalamika, na deni ni la wote wawili.

Kifo chenyewe alikisikia kwa mteja, nywele zikiwa zimesukwa nusu. "Kwani hukuambiwa? Tumeshazika!"

Nani amwambie mtalaka? Msusi alimaliza kusuka, akapokea ujira wake, akafagia. Hakulia. Ila tangu hapo aliogopa kutazama kioo cha saluni, maana kila mara alidhani atakiona kile kichwa cheupe kitini, kinangoja zamu. Na pesa zikaendelea kuja.

Kilichomkaa kooni si deni. Ni kuona benki inaila sukari ya mama yule, mwezi nenda mwezi rudi. Akapiga moyo konde, akabeba tena hati ya talaka, akarudi kaunta kwa mara nyingine.

Safari hii karani, binti mpole, alimpokea kwa tabasamu. "Mama, umeshinda. Hati hii uliileta mapema, sisi ndio tulioipuuza. Makato yote ya baada ya hapo tunakurudishia, deni atadaiwa aliyelichota, na akaunti tunaifunga leo." Akatazama kompyuta. "Ila kuna mtu anakutumia pesa humu. Tumpigie atoe idhini ziende kwenye akaunti yako mpya?"

Msusi angeweza kusema mama hasikii vizuri kwenye simu. Angeweza kumtafuta bibi yeyote aitikie kwa niaba yake, na sukari ingeendelea kuja. Kulitamka lile neno kulikuwa kumzika kwa mikono yake mwenyewe.

"Ni nani wako?" karani akauliza.

"Mama mkwe wa..." Akaanza upya. "Ni mama yangu. Amefariki."

Karani akaacha kubofya. Akapitisha mkono chini ya kioo, akaushika wa msusi. "Jamani. Pole sana, mama. Pole kwa msiba."

Msusi akainamisha uso juu ya hati ya talaka, akaangua kilio hadi foleni nzima ikageuka. Tangu mama yule afe, hakuna mtu aliyekuwa amempa pole.