Kano ya Upinde wa Mjomba

Nikisikia harufu ya sandarusi ikichomwa, hata leo, ulimi wangu hukimbilia penye meno ya mbele kana kwamba bado pana pengo. Bibi yangu mzaa mama alichimba sandarusi enzi za Mjerumani, na vipande alivyobakiza alikuwa akivichoma kila Alhamisi jioni. Ndani ya moshi ule ndipo aliponing'oa jino langu la kwanza. Alinikalisha kwenye mbuzi ya kukunia nazi akaniambia, "Hebu mtazame yule kuku." Nikageuka, kuku hakuwapo, na jino nalo halikuwapo tena. Akalitupa juu ya paa. Nimeanzia mbali, mtaniwia radhi, darasa niliishia la pili. Lakini uzi aliofungia jino lile haukuwa wa dukani. Ulikuwa unyuzi wa kano ya mnyama, kautoa mfukoni mwa baba, maana baba yangu alikuwa mtu wa kutibu pinde.

Tulikaa vilimani, mwendo wa asubuhi moja kutoka boma la Kisarawe, miaka ile vita vya pili vya Wazungu vilipokwisha. Bunduki ilitaka kibali cha boma. Nguruwe mwitu hawakutaka kibali cha mtu. Waliingia kwenye mihogo wakafukua kama waliolima wao. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na upinde, na upinde hupata ufa. Baba hakuwa wa pale. Alitoka Sofu, upande wa Kibaha, akamwoa mama akabaki ukweni. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye alipewa jembe, na ugeni hakuvuliwa. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama. Neno la mjomba ndilo neno, na upinde wa mjomba hurithiwa na mpwa wake, si na mwanawe. Baba alikuwa na vitu viwili tu vya kumpa heshima pale: adhana, maana yeye ndiye aliyeadhini kwenye msikiti wetu wa udongo, na mikono yake juu ya mkole, mti unaochongewa pinde.

Alikuwa kwanza anausikiliza. Anaukunja upinde kidogo sana karibu na sikio, kwa sababu, alisema, upinde hulia kabla haujakatika. Halafu anachanganya masizi na mafuta ya nyonyo, anaupaka wote, anaufuta kwa kitambaa. Mti mzima unatakata, lakini ufa umeshakunywa masizi, unabaki mstari mweusi kama unywele. Ufa uliofuata nyuzi za mti alisema ni ugonjwa. Ufa uliokata nyuzi alisema ni maiti, kausonge nao ugali. Ule wa ugonjwa aliufunga kwa kano mbichi au iliyolainishwa, akizungusha na kukaza, ikikauka inabana kuliko chuma. Na kano iliyokauka hulainishwa mdomoni. Kazi ya kutafuna ilikuwa yangu. Msimu ninaousema nilikuwa sina meno ya mbele ya juu, yametoka yote mawili. Baba akatafuna mwenyewe.

Upinde ulikuwa wa mjomba, kaka yake mama, na mihogo ilikuwa imebaki mwezi mmoja kuvunwa. Ufa ulikuwa wa ugonjwa, juu kidogo ya mshiko. Baba akanituma kwa mjomba nikachukue kano ya pongo, yule swala wa vichakani, iliyoning'inia darini kwake. Nikaichukua. Njiani nikaona mabungo yameiva. Nikaiweka kano juu ya kisiki, nikapanda, nikala mpaka meno yaliyobaki yakaingia ganzi. Niliposhuka mbwa alikuwa anamalizia kumeza.

Niliogopa fimbo, basi, hiyo ndiyo sababu yote. Pembezoni mwa shamba la mjomba palikuwa na nguruwe aliyechomwa mkuki wiki mbili nyuma, kaburutwa akaachwa. Nyama ilikuwa imekwisha, miguu imekaushwa na jua. Nikavuta kano za miguu, moja, mbili, tatu, nikampelekea baba. Alizitia mdomoni. Nilisimama pale nikimtazama akitafuna, akiniambia huku shavu limevimba, "Mwanangu, upinde huu utakuwa wako siku moja. Naukaza kwa ajili yako."

Siku ya tatu mjomba akaja kuuchukua. Mama na wanawake wawili wa jirani walikuwa wanatwanga uani. Akauvuta upinde mpaka sikioni, kimya, haukulia.

"Shemeji, mikono hii ungezaliwa nayo kwetu!"

"Nimezaliwa nayo kwetu, imetosha," baba akacheka.

Mjomba akapitisha ukucha juu ya kano. "Lakini nilikupa moja ndefu, kama mkono wangu. Hii umeungaunga vipande. Umeitoa wapi?"

Baba akanigeukia. Nikasema mbwa ameila ile. Akauliza na hii je. Nikasema ya nguruwe.

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Jamani njooni! Mwadhini kala nguruwe! Shemeji, jioni utatuitia sala au utatukoromea?" Utani wa mashemeji ni halali, lakini mzaha mzaha hutumbuka usaha. Michi ikasimama. Wanawake wakacheka. Nikamtazama mama. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, na mabega yanatikisika.

Sheikh alikuja kusema asiyejua hana dhambi, lakini alisema kesho yake. Wajukuu zangu wakipasua kitu siku hizi wanakitupa, wananunua kingine, na mimi nawagombeza, na sijui nawagombezea nini. Upinde ninao, mjomba alipokufa nikaurithi kama desturi. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ule ufa uliozibwa na baba haujafunguka hata upana wa unywele, miaka yote hii, kwa kano ile ile. Sijawahi kuutumia hata mara moja. Na nikiuchukua mkononi sioni mti wala kano.

Namwona baba amechutama kando ya mtungi. Anasukutua. Mara ya kwanza kwa udongo, kama sheria inavyotaka kwa nguruwe, kisha maji, na mimi nahesabu naye moyoni mpaka saba. Akajifuta kwa kiganja. Mjomba bado anafuta machozi ya kicheko, anamwambia, "Basi shemeji, njoo, ni utani tu." Baba akavaa makubazi, akapita mbele ya mama, akapita mbele yangu, akashika njia ya Kibaha.