Nyumba Yako Usiitaje

Wengine waliingia kwenye kikundi cha kujitolea kwa sababu padri alihubiri. Wengine wanapenda tu watu, Mungu awabariki. Mimi niliingia kwa sababu maji yalikuwa yamenifika shingoni. Mume wangu alianguka katikati ya mibuni yetu, asubuhi, akiwa na panga mkononi, na alipozinduka upande wake wa kulia ulikuwa hauna kazi tena. Mvua kubwa zilikuwa zimeshika kasi na shamba letu la maharage lilikuwa bado pori.

Mgeni ataniuliza, si ungelima mwenyewe? Mashamba ya huku yamelala kwenye miteremko, hayalimwi kwa kukwatua tu. Yanachimbwa ngoro. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatizana, inakuwa miraba. Nyasi zikinyauka, wanawake tunachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika. Pale katikati panabaki shimo la kukamata maji, na maharage tunayapanda juu ya tuta linalolizunguka. Ukilima vinginevyo, mvua inalishusha shamba lako lote mtoni. Mimi ni Mnyasa, mtu wa ziwani, nimekulia kwenye dagaa wa usipa na mihogo, na ngoro nilifundishwa na mama mkwe baada ya kuolewa huku Mpepai. Kuchimba niliweza vizuri. Aliyetakiwa kulaza nyasi alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni.

Nilimwambia nitazilaza mimi. Aliongea kwa shida siku hizo, mdomo umekwenda upande, lakini hili alilisema likasikika. "Kwa baba yangu, mwanamke aliyelaza nyasi alikuwa mjane. Mimi bado nipo, mama watoto."

Ningefanya nini? Kaka zake wa Matiri waliahidi kuja na hawakuja. Nikachukua jembe nikaenda kwenye kikundi.

Kikundi kilikutana Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wa shule ya msingi. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, lakini kwenye kanuni zake hakuwa na masihara. Kanuni kubwa ilikuwa moja: tunamlimia asiyejiweza, na nyumba yako usiitaje. Lazima utajwe na mwingine. Alitueleza kwamba kikundi cha kwanza kilivunjika kwa sababu kila mtu alikivutia kwake. Nikaitikia kwa kichwa, tena kwa furaha. Nilikuwa na jirani yangu pale pale kikundini, mama mmoja tunayeazimana chumvi na moto, aliyekuwa akija kumjulia hali mume wangu karibu kila siku. Nikajua Jumamosi hiyo hiyo nitatajwa.

Hakunitaja. Alitaja bibi mmoja anayelea wajukuu, tukaenda tukamchimbia. Jumamosi iliyofuata Mwalimu akauliza kama kawaida yake, "Nani amebaki?" Jirani akamtaja mzee aliyevunjika mguu. Nilimkodolea macho hadi akaniuliza kama ninaumwa.

Basi nikaamua kuonekana. Nilichimba kama mtu anayefukua maiti ya mwanawe. Nilikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuosha jembe, nikidhani kuna mtu atasema, jamani, huyu dada mbona tunamsahau? Walichosema ni kwamba Mnyasa huyu ana mkono. Wakacheka, wakanipigia vigelegele, na mimi nikacheka nao huku moyo ukiniuma vibaya sana.

Nikirudi nyumbani nilimkuta mume wangu ameelekeza uso njiani. "Wamesema wanakuja lini?" Nilimjibu hivi karibuni. Shamba letu liko nyuma ya kilima, jirani hapiti huko, na nyasi zilikuwa zimenifika kifuani. Mbegu za maharage zilikuwa zinaning'inia juu ya meko. Watoto walianza kuziangalia kwa namna ambayo sikuipenda, nikazihamishia chumbani.

Kisha mvua zikaanza kupungua. Siku nzima inapita na jua kali, jioni manyunyu, basi. Jumamosi hiyo Mwalimu aliuliza, "Nani amebaki?" Akauliza tena, na watu wakaanza kuinama kuchukua majembe waende zao, msimu umekwisha.

"Kwangu," nikasema.

Mtu mmoja akacheka, akidhani natania. Jirani yangu ndiye aliyegeuka wa kwanza.

"Kwako? Dada, si shemeji zako wa Matiri walikuja?"

"Hawakuja."

"Lakini ulikuwa unakuja huku kila Jumamosi! Mtu ataachaje shamba lake ni pori akachimbe la mwenzake? Mimi nilijua kwako kumekwisha zamani."

Hapo ndipo nilipoelewa. Lile jembe nililokuwa nikilinyanyua ili wanione ndilo lililonificha. Hasira zangu zote kwa yule mama zikakosa pa kwenda, nikakaa chini kwenye majani ya uwanja nikalia mbele ya watu wazima.

Walikuja kesho yake, Jumapili, baada ya misa. Wanaume wakambeba mume wangu na kiti chake hadi juu ya shamba. Mwalimu akamwamkia, ingawa yeye Mwalimu ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, akamuuliza, "Shikamoo, mwenye shamba. Tuanzie wapi?" Mume wangu akanyoosha mkono wa kushoto. Wakafyeka, wakalaza mistari kama alivyoonyesha, na nyasi ziliponyauka tukachimba ngoro nzuri kuliko zote nilizochimba mwaka ule.

Mvua haikurudi. Maharage yaliota, yakatoa majani mawili mawili, yakaungua. Ndani ya yale mashimo ya kukamata maji palikuwa na vumbi. Watoto niliwapeleka ziwani kwa mama yangu wakale mihogo, na mume wangu akaacha kuniuliza lolote. Alifariki kiangazi hicho, kabla kahawa haijaiva yote.

Mwaka uliofuata, nyasi nilizilaza mimi. Na bado niko kikundini. Juzijuzi ameingia mama mmoja mgeni, mchapakazi kweli kweli. Watu walimsifia mkono wake na yeye akawa anacheka. Nilimtazama anavyochimba, nikaacha kazi yangu nikasimama. Jumamosi iliyofuata, Mwalimu alipouliza nani amebaki, nikamwonyesha kwa kidole.

"Huyu hapa," nikasema. "Twendeni kwake leo."

Mama wa watu aliangusha jembe, akajifunika uso kwa kanga.